Kesho Sitagonga Diski

Nasimiyu, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga majirani, na kwa jinsi unavyopenda hadithi, jua litazama kabla hujarudi. Mama yako yuko nje anaanua nguo zako. Nimeona nikae hapa kwenye meza ya jikoni niandike kungali na mwanga, kabla ujasiri haujaniishia. Barua hii nitaisukuma chini kabisa ya sanduku lako, chini ya zile shuka mpya, uikute ukishafika Bungoma na kuanza kufungua mizigo.

Mambo ya blanketi, sabuni na marafiki wa kujichunga nao sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima, hata kuku wa hapa nyumbani sasa wanaweza kwenda chuoni wakaishi vizuri. Mimi nataka kuongea na wewe juu ya diski.

Mgeni akija kwetu mara ya kwanza huuliza lile duara la chuma lililoning'inia kwenye mti wa avokado ni la nini. Wewe hujawahi kuuliza kwa sababu umezaliwa ukalikuta, kama ulivyoukuta Mlima Elgon. Ni diski ya plau ya trekta. Kuka wako, baba yangu, alikuwa nyapara kwenye shamba kubwa upande wa pili wa Kitale, na huko diski ile ilikuwa ndiyo serikali. Ikigongwa, watu wanatoka kambini. Ikigongwa tena, wanapumzika. Shamba lilipogawanywa na yeye akapata kipande chake, hiki tunachoishi, alihama na vyombo vichache, ng'ombe mmoja mwenye hasira, na diski.

Hakuwa tena na wafanyakazi wa kuwaita, basi akatuita sisi. Diski ya kuamka, diski ya kwenda shule, diski ya kufunga ndama, diski ya sala. Nilikuwa mkubwa, nimeshaanza kunyoa ndevu, ndipo nikalala kwa rafiki yangu huko Kimilili nikagundua kwamba kuna nyumba ambazo asubuhi inaingia tu, bila kelele. Nilishtuka sana. Nilikaa kitandani nikingojea mtu anipe ruhusa ya kuamka.

Kuka alipofariki, ndugu zangu waligombania ng'ombe na lile jiko la chuma. Mimi nilisema nataka diski. Hakuna aliyeigombania nami.

Nakuambia haya usinione kama mtu aliyeamka siku moja akaamua kuwa polisi wa watoto wake. Niliipenda sauti ile. Mpaka leo naipenda. Asubuhi za Julai, baridi inauma vidole, ukungu umekaa juu ya mahindi, nagonga mara tatu kwa ile boliti kubwa ya trekta, na nyumba yote inaanza kusogea: mama yako anakohoa, taa inawashwa, ndoo zinagongana. Nilikuwa nasimama chini ya ule mti najisikia kama mtu aliyeshika kitu imara. Ukiniuliza ni wakati gani nilikuwa na furaha katika maisha yangu, nitakuambia ni zile asubuhi, nyote mkiwa ndani na mimi ndiye ninayewaamsha.

Unakumbuka mwaka wa mahindi yako. Najua unakumbuka, ingawa hatujawahi kukaa chini tukaongea juu yake. Nitaliongea jambo hilo leo, kwa sababu naliona kwa macho mengine kuliko wakati ule.

Ulikuwa na miaka kumi. Krismasi ile tulikwenda kwa kukhu wako Kimilili, mama mzaa mama yako, na wewe ukabaki huko mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa. Kwa kukhu hakuna diski. Kwa kukhu hakuna hata saa. Ile iliyo ukutani ilisimama kabla sijamwoa mama yako. Kila mjukuu anapewa kashamba kake, kadogo kama mkeka, na anapanda anachotaka. Kukhu hamuulizi mtu amepanda nini wala amepalilia lini. Kuna mjukuu alipanda mawe, ati aone. Sheria ilikuwa moja tu: jembe lirudi limeoshwa.

Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilimwambia mama yako, "Kwenu watoto wanalelewa kama sungura." Naye akaniambia, "Na kwenu kama jela." Tukacheka wote wawili, kwa maana wakati ule tulikuwa bado tunacheka juu ya jambo hilo.

Ulirudi na mahindi yamefungwa kwenye pembe ya leso, yale ya kienyeji yenye punje nyekundu na nyeusi. Niliyaona. Niliyashika hata. Nikasema, "Mazuri haya, ya kuchoma," na nikaenda kukamua ng'ombe.

Mwaka ule ndipo nilipokuwa nimepata kazi ya kukuza mahindi ya mbegu kwa kampuni. Nilikuwa nimeitafuta kwa muda mrefu. Unajua kazi yenyewe, mikono yako inaijua kuliko ya watu wengi: mistari ya jike na mistari ya dume, na ile ya jike lazima ing'olewe maua ya juu kabla hayajaanza kumwaga vumbi la chavua, kila siku, bila kuruka mstari, ili jike lizae kwa vumbi la dume letu peke yake. Na shamba liwe mbali na mahindi ya mtu mwingine yeyote, maana upepo hauna adabu. Nilizunguka kwa majirani wote nikiwaomba mwaka ule wapande maharagwe au viazi. Jirani wa chini alikubali baada ya kunizungusha sana. Nilimpa mbuzi.

Sasa sikia jambo ambalo sikukuambia. Mwaka ule, kuanzia mvua zilipoanza, kila nilipotoka kwenda kugonga diski nilikuwa nakuta mlango wa chumba chenu umeshafunguliwa. Ule mlango unajua unavyolia, tangu wakati ule sijautia mafuta. Nikiwa bado kitandani nausikia, kwiii, halafu miguu yako midogo inapita nyuma ya jikoni. Nilimgusa mama yako nikamwambia, "Unasikia? Mtoto ameamka mwenyewe. Nidhamu imeingia kwenye damu." Nilijisifu hata kanisani. Niliwaambia wazee wenzangu kwamba mtoto akigongewa diski tangu utotoni, inafika siku inagonga ndani yake yenyewe. Waliitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Kumbe ulikuwa unakwenda kwenye kashamba kako nyuma ya migomba.

Ulikuwa umelima peke yako. Ulipanda kwa mstari, ukapima nafasi kwa mguu wako, ukaweka majivu ya jikoni, ukapalilia mara mbili. Mahindi yako yalikuwa na afya kuliko yangu, na hilo lilinichoma zaidi. Na kila asubuhi ukishayaona, unakuja kwenye shamba langu pamoja na sisi wengine, unang'oa maua kwenye mistari ya jike haraka haraka na kwa umakini kiasi kwamba mkaguzi wa kampuni aliwahi kuniambia, "Mzee, huyu mtoto umepata wapi?"

Ni mkaguzi huyo huyo aliyeomba kwenda msalani siku ile, akapita nyuma ya migomba. Alirudi amebeba ua moja mkononi, lile la juu, la rangi ya zambarau, linamwaga vumbi. Alilitikisa tu mbele yangu, na upepo ukachukua vumbi lile ukalipeleka moja kwa moja shambani.

Upande wote wa shamba unaopakana na nyumba ukakataliwa. Yale mahindi yakauzwa kwa kinu cha unga kama mahindi ya mtu yeyote. Na mimi, niliyempa jirani mbuzi asipande, nikawa ndiye kichekesho cha kijiji kizima.

Yaliyofuata unayajua, lakini wacha niyaandike mimi kwa mkono wangu, usiyabebe peke yako. Niligonga diski mchana. Haikuwa imewahi kugongwa saa ile. Mama yako alitoka mbio akidhani ni moto. Nikakuita, nikakupa panga, nikasema ukate yote mwenyewe.

Sikukupiga. Kwa miaka mingi nilijiliwaza na hilo, kwamba sikukupiga.

Ulikata mstari mmoja mmoja. Hukulia. Uliyalaza mabua yote upande mmoja, vizuri, kama mtu anayevuna. Ulipomaliza ulikwenda kwenye tanki ukaliosha lile panga, ukalifuta kwa gauni lako, ukalirudisha mahali pake. Halafu ukaja ukasimama mbele yangu ukaniuliza, "Baba, sasa nifanye nini?"

Mimi nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani hiyo ni heshima.

Wiki iliyofuata nilipanda gari mpaka Kimilili nikiwa na hasira kamili. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Lakini nilipofika nikakumbuka kitu ambacho hasira ilikuwa imenisahaulisha: mkwe hagombezwi. Kwetu mtu haingii jikoni kwa mama mkwe wake, hamshiki mkono, hamkazii macho. Basi nikawekewa kiti nje uani, mgongo kwa mlango, naye kukhu akabaki ndani anapepeta maharagwe, na tukagombana kupitia ukutani kwa adabu kubwa sana.

"Mama," nikasema, "habari ya hapa ni nzuri?"

"Ni nzuri tu, Baba Nasimiyu. Ya huko?"

"Ya huko ni nzuri. Isipokuwa shamba limekataliwa."

"Ooh. Limekataliwa na nani?"

Nikaeleza yote. Maharagwe yalikuwa yanalia kwenye ungo, shaa, shaa. Nilipofika kwenye mbegu alizokupa, ungo ukanyamaza.

"Mimi ndio nilimpea," akasema. "Hiyo kosa ni yangu, usimwekee mutoto. Lakini nikuulize, bana. Wewe ulimwambia asipande?"

"Mama, shamba la mbegu kila mtu anajua halikaribiwi na mahindi mengine."

"Kila mutu nani? Wewe ulimwambia?"

Nikakivuta kikombe cha chai nilichowekewa.

"Si huyu mutoto anang'oa maua kila siku? Ulimwambia anang'oa kwa nini?"

"Nilimwambia ang'oe."

"Basi alifunja shelia gani?" Na ungo ukaanza tena, shaa, shaa. "Kunywa chai, Baba Nasimiyu, itapoa."

Nilikunywa. Ilikuwa imeshapoa.

Nasimiyu, sikukubali siku ile. Nilirudi Kitale nikimlaumu kukhu kwa vile tu alikuwa ameshinda. Lakini lile swali lilikaa nami. Nilikuwa nimekufundisha kung'oa ua kuliko mtoto yeyote wa tarafa hii, na sikuwahi kukuambia ua linafanya nini. Hata mara moja. Nilikuwa na dakika ngapi za kukuambia, tukitembea mistari ile kila asubuhi, mimi mbele na wewe nyuma? Ungejua, ungepanda kwingine. Ungekuja kuniuliza mwenyewe, "Baba, nipande wapi?" na hilo lingekuwa swali la mtu mwenye akili zake. Badala yake nilikuachia lile la pili, nifanye nini, na hilo uliniuliza miaka yote iliyofuata.

Baba, nivae sweta gani. Baba, nisome nini kwanza. Baba, nimwambie mwalimu nini. Walimu wako walikusifu kila muhula: mtulivu, mtiifu, hana shida. Mimi nilikuwa nasoma ripoti zile bila kufurahi, kwa maana nilikuwa nimemwona mtoto mwingine, yule aliyekuwa anapima nafasi ya mahindi kwa mguu wake, na sikujua amekwenda wapi. Nilimkumbuka sana. Ni ajabu kumkumbuka mtu ambaye anakupitishia ugali mezani.

Na mlango ule haukulia tena kabla ya diski. Tangu mwaka ule mpaka leo, sijausikia hata asubuhi moja. Ulingoja nigonge kwanza.

Usidhani nimekuwa mtu wa kukhu kabisa kabisa. Bado naamini maua ya jike yang'olewe siku yake, na anayesema atang'oa kesho akijisikia hana mbegu. Yule mjukuu aliyepanda mawe, mpaka leo anamwomba mama yako nauli. Ninyi wote mmekula kwa sababu diski ilikuwa inagongwa, nami nilikula kwa sababu kuka aliigonga. Siwezi kuitemea mate. Lakini nilidhani kazi yake ni kumwamsha mtoto, na wewe ulikuwa umeshaamka.

Nilijaribu kurekebisha, kwa njia zangu za kijinga. Ulipomaliza kidato cha nne na zikaja zile fomu za vyuo, ukaniletea kalamu: "Baba, nijaze nini?" Nikasema sijui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukujibu hivyo, na nilikuwa najua kabisa; nilikuwa nimeshakuchagulia uhasibu. Ulilia siku mbili. Mama yako aliniita mkatili, akanipikia mboga bila chumvi. Siku ya tatu ukajaza ualimu wa watoto wadogo. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema bila kunitazama, "Nataka wale bado wanauliza kwa nini." Ukatoka nje kuwapa kuku chakula. Nilikaa na maneno yale muda mrefu kuliko nilivyokaa na mahubiri yoyote.

Kwa hiyo unakwenda kushika watoto wa watu. Utapewa darasa na utapewa kengele. Sitakufundisha namna ya kuigonga. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nimeanza kujifunza, nimezeeka. Nakuomba tu, siku utakapomkuta mtoto amepanda kitu mahali pasipofaa, kabla hujampa panga, mkumbuke yule msichana wa nyuma ya migomba. Alikuwa mtoto mzuri sana. Nilitaka umjue jinsi nilivyomjua mimi.

Leo mchana tukila uliniuliza, "Baba, kesho utagonga saa ngapi? Gari la kwanza linatoka mapema." Nikakuambia sitagonga. Mama yako akaweka kijiko chini. "Aki huyu mzee! Anataka gari imuache mutoto?" Nawe ukacheka, kisha ukaona sicheki. Ukasema, "Si niko na simu, Baba." Ndiyo, uko na simu. Simu hiyo naijua. Huimba nyimbo zake zote mpaka inachoka, na wewe umelala, unangoja chuma changu.

Jambo lenyewe ndilo hilo. Usipolipata gari la kwanza utachelewa kuripoti, na nitakuwa nimekutia aibu siku yako ya kwanza, na mama yako atanipikia bila chumvi mpaka Krismasi. Najua. Nimeogopa tangu mchana, mkono wenyewe unataka kugonga. Ndiyo maana boliti nimempa mama yako aifiche, na nimemwambia asinionyeshe hata nikilia.

Nakusikia unacheka huko njiani, unakuja. Wacha nimalize.

Kesho nitaamka saa zangu za kila siku, kwa maana mwili wangu umeshaharibika. Nitakaa hapa hapa jikoni, sufuria ya chai ikiwa tayari na moto haujawashwa, mikono mapajani kama mgeni. Sitakohoa. Sitagonganisha ndoo. Nitasikiliza tu.

Wewe unayesoma haya sasa, umekaa kwenye kitanda chako huko Bungoma, unajua nilichosikia. Mimi ninayeandika sijui. Najua tu ninachokitamani, nimekitamani tangu ulipokuwa na miaka kumi: nikae gizani, na kabla mtu yeyote hajakuita, nisikie mlango ule ukilia.

Baba yako